Babu na Jua la Dirishani

Mdogo wangu alimwambia mtoto kwamba mimi nimechoka kumlea. Huo ndio ubaya alionifanyia, na nautaja mapema ili mtu asije akadhani nalia kwa sababu nilinyang'anywa. Sikunyang'anywa. Mtoto ni wake, tumbo ni lake, na mwenye chake akija kuchukua chake hagombezwi. Lakini kumchukua ni jambo moja, na kumwambia kwamba nimemsukuma mimi ni jambo jingine. Nilimlea miaka kumi na miwili. Nilichoka mgongo, nilichoka macho, yeye sikumchoka hata siku moja.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliisikia kengele tu, ng'ambo ya ukuta, nikiwa nimembeba huyo huyo mdogo wangu mgongoni. Herufi hizi ninazoandika nilifundishwa na mtoto, kwenye meza yangu ya kukatia, kwa chaki ya kuwekea alama nguo. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa akinipa herufi moja kwa siku, na nikikosea ananipiga vidole kwa rula kama mwalimu wake, kisha tunacheka wote wawili.

Mama yake alimzaa akiwa na miaka kumi na tisa. Mtoto alipofika miezi minne aliniletea akiwa amemviringisha kwenye shuka, akasema, "Dada, nishikie kidogo, nikatafute maisha." Nikashika. Kidogo kile kikaota meno, kikatambaa, kikaenda shule. Wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na sikuwabishia. Mara moja moja mdogo wangu alituma nguo, na kila zilipofika zilikuwa ndogo, kwa sababu kichwani mwake mtoto alikuwa bado yule aliyemwacha. Nilizifumua nikazishona upya.

Sasa nieleze habari za Babu.

Mtaani kwetu yupo fundi wa friji tunayemwita Barafu. Mchana kutwa anahangaika na baridi ya watu, na katika chumba cha nyuma cha karakana yake anafuga wanyama wasioweza kuishi bila joto, mijusi wenye ndevu. Mkewe husema, "Huyu wangu kazi yake ni kupoza vya watu na kuchemsha vyake." Mwaka ule mayai yake yalitoa watoto kumi na tisa, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa ameng'atwa na nduguze ncha ya mkia. Barafu akampa mtoto wangu, maana kila akitoka shule alikuwa anakwenda kuwachungulia.

Aliingia na boksi la viatu amelikumbatia.

"Mama Mkubwa, kwanza uahidi hutapiga kelele."

"Una nini humo?"

"Babu."

"Babu wa nani?"

"Wetu. Ana ndevu."

Nikafunua. Kijusi cha rangi ya mchanga, hakifiki urefu wa kiganja, na kidevuni vimiba laini kama nyuzi zilizokatwa vibaya. Kilinitazama kwa jicho moja, kama mteja anayepima kama fundi huyu anajua kazi. Nilipiga kelele kidogo. Kisha nikasafisha tangi la kioo ambalo zamani nilikuwa naweka vifungo na zipu.

Barafu alitupa masharti, mtoto akayashika kichwani, nami nikayashika kwa kumsikiliza. Taa mbili: moja ya joto, moja ya kufanya kazi ya jua. Upande mmoja wa tangi uwe na joto la nyuzi arobaini, upande mwingine apate pa kujipoza. Asitandikiwe mchanga, ataumeza ukamzibe tumbo, atandikiwe karatasi. Karatasi za kuchorea vielelezo vya nguo ninazo nyingi, kwa hiyo Babu akawa analala juu ya mikono ya mashati ya watu. Mtoto wa mjusi huyu hula mara tatu kwa siku, wadudu zaidi ya majani, na kila akila anapewa dakika kumi. Wadudu wenyewe ni nyenje, na waliobaki waondolewe, la sivyo watamng'ata wao akiwa amelala. Na sharti lililonipendeza mimi fundi: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Akizidi, anaweza kumlemaza miguu.

"Tutapimaje?" mtoto akauliza.

"Tumekosa nini cha kupimia humu ndani?" nikamwambia. Nikakata uzi mwekundu, nikaupima juu ya kichwa cha Babu, nikauchomeka kwa pini kwenye kola yangu. Kila nyenje alipimwa kwa uzi ule. Babu alivyokua, nikawa nakata uzi mpya.

Nyenje tuliwafuga kwenye ndoo, tukiwalisha karoti, maana kinacholiwa na nyenje ndicho kitakacholiwa na Babu. Kabla ya kuwatoa tunawatikisa kwenye kopo lenye unga mweupe wa kalsiamu hadi wanatoka kama wezi wa unga. Majani tuliyakata membamba, ya haradali na boga la kukuna. Mchicha hapana, unainyima mifupa yake ile kalsiamu. Parachichi ni sumu. Kimulimuli mmoja tu anaua. Maji hakujua kuyanywa kwenye kisahani. Tulimnyunyizia puani kwa ile chupa ninayolowanishia nguo za kupiga pasi, akawa anayalamba yakiteremka.

Wateja wangu walikuwa wakisikia tu tukiulizana kwenye pazia la nyuma. "Babu amekula?" "Amekula, lakini hajapata choo siku ya tatu." Siku moja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaja na papai bivu kwenye mfuko.

"Fundi, pole na mgonjwa. Wazee ndivyo walivyo. Mpe hili, litamfungua."

Mtoto akakimbilia uani kucheka. Mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikamwambia nitampa. Na nikampa, kipande kidogo kama punje ya mahindi. Likamfungua.

Tulikaa hivyo majuma sita. Jumamosi moja mchana gari likasimama mbele ya duka. Mdogo wangu ameshuka, amenenepa vizuri, ana mume, ana nyumba yenye geti. Alikuwa ameniambia kwa simu kwamba atakuja kumchukua mtoto, na nilikuwa nimejibu sawa. Ningejibu nini? Nguo za mtoto nilizipanga mwenyewe. Gauni la mwisho nililimalizia pindo asubuhi hiyo hiyo.

"Na huyo?" mdogo wangu akauliza, ameshika pua.

"Ni Babu," mtoto akasema.

"Kwangu mijusi tunaifukuza kwa fagio. Abaki."

Mtoto akanigeukia. Midomo ilikuwa imeanza kucheza. "Mama Mkubwa, nishikie Babu kidogo. Nikishakaa sawa nitakuja kumchukua."

Nishikie kidogo. Neno lile lile, mdomo mwingine. Nikamwambia, "Nimeshika, mwanangu."

Mama yake akamvuta mkono, akainama karibu na gari, akamwambia kitu sikioni. Sikusikia. Niliona shingo tu. Shingo ile nimeishonea kola tangu ikiwa na mikunjo ya maziwa, naijua ikiwa na usingizi, naijua ikiwa na hasira. Ilinyooka ghafla. Mtoto aliyekuwa karibu kulia hakulia, na hakugeuka kunipungia. Nikabaki na mkono wangu juu, kama mtu aliyesimamisha basi lisilosimama.

Majuma matatu baadaye simu ikalia. Namba ya mdogo wangu, sauti ya mtoto.

"Mama Mkubwa, Babu hajambo?"

"Hajambo. Anakula."

Nyuma yake nilimsikia mama yake akimwambia afanye haraka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Kama mimi ulinichoka, sawa. Lakini Babu usimchoke."

Na mimi, badala ya kusema nani kakuambia neno hilo, nikajibu, "Jana amekula nyenje ishirini na mbili." Ndivyo nilivyojibu. Ulimi ulishika kilichokuwa karibu. Simu ikakatika, na nilipopiga, mdogo wangu akasema mtoto anasoma. Nilipopiga tena, mtoto yuko bafuni. Siku hiyo nikajua lile lililosemwa sikioni.

Kuanzia hapo Babu hakuwa mjusi tena. Alikuwa shahidi wangu. Mtoto alikuwa ameniachia kiumbe kimoja, na ameambiwa kwamba mimi huchoka na viumbe. Babu akifa mikononi mwangu, uongo ule utakuwa umepata ushahidi, na hakuna mdomo utakaoufuta.

Na kidogo nimuue kweli.

Taa ile inayofanya kazi ya jua ilipasuka, umeme ulikatika ukarudi kwa fujo. Barafu akasema ataagiza nyingine, ni majuma manne. Nikaona si neno, mbona jua lipo? Nikalibeba tangi nikaliweka kwenye dirisha kubwa la duka, pale ninapotundika nguo za maonyesho. Jua la asubuhi linapiga pale mpaka kioo kinawaka. Sikumuuliza Barafu, kwa sababu jambo hilo nalijua mwenyewe kwa kazi yangu. Miaka yote nguo ninazoziweka dirishani zinapauka upande mmoja. Kitambaa chekundu kikikaa pale mwezi mmoja kinakuwa kama kimefuliwa miaka. Jua linalokula rangi ya kitambaa kupitia kioo litashindwaje kumfikia mjusi? Nikamwekea na kivuli cha kitambaa upande mmoja asiungue, nikajiona hodari.

Babu alistarehe. Taa ya joto anayo, mwanga anao. Watoto wa mtaani wakawa wanasimama nje kumtazama. Nikadhani mambo yamenyooka.

Juma la nne, asubuhi, nilimwekea nyenje akamwangalia tu. Akajaribu kumfuata, miguu ya nyuma ikabaki nyuma, anaiburuta kama pindo lililofumuka. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikamgusa kidevu, nikakuta taya ni laini kama mpira. Nilimweka kwenye boksi lile la viatu, nikafunga duka watu wakiwa wanangoja nguo zao, nikaenda kwa Barafu mbio.

Alikuwa na friji imelala kifudifudi. Akafuta mikono, akamtazama.

"Fundi, huyu amekosa jua."

"Jua? Anashinda dirishani!"

"Dirisha liko wazi?"

"Lina kioo."

Akacheka, kisha akaniona uso akaacha. "Jua la kwenye kioo linampa mwanga na joto, basi. Kile kinachojenga mifupa kinabaki nje ya kioo."

"Mbona linapausha vitambaa?"

"Kinachopausha kinapita. Kinachojenga hakipiti."

Nilikaa juu ya ile friji. Sikulia mbele yake. Nilisema tu, "Nimemuua Babu wa mtoto." Akasema, "Hujamuua. Nyanyuka."

Tukaenda kwa daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye mabuti, aliyezoea kuingiza mkono kwenye ng'ombe. Akamgeuza Babu kiganjani. "Nimetibu punda, nimetibu kasuku anayetukana. Mwenye ndevu ambaye hajafika miezi minne ndiyo kwanza." Lakini alijua kazi. Akanipa kalsiamu ya maji, tone moja moja mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, na akaniambia nimtoe juani, jua lenyewe, kila asubuhi.

Nikashona neti juu ya kikapu kipana ili ndege asimchukue, nusu neti, nusu kitambaa kizito, apate jua akitaka na kivuli akitaka. Kila saa mbili asubuhi tulikaa uani, yeye kwenye kikapu, mimi kwenye kigoda, kazi ya mkono mapajani. Dakika ishirini, halafu nusu saa. Wateja wakigonga mbele nawaambia, "Subirini, namwotesha Babu jua." Wakawa wananisifu kwa kutunza wazee.

Nilikuwa na simu yenye picha. Mdogo wangu aliweka picha za nyumba yake, na katika mojawapo mtoto alikuwa amesimama karibu na ua, amevaa gauni la dukani. Nilitazama picha ile kila siku hapo uani. Niliivuta kwa vidole viwili hadi ikawa kubwa, hadi uso ukawa vipande. Bega la gauni lilikuwa limeanguka, vidole viwili hivi. Mtu yeyote angeona mtoto mzuri mwenye gauni zuri. Mimi niliona bega. Nilitaka pini, nilitaka kulishika bega lile hapo hapo, nimwambie simama wima, usicheke, na yeye acheke. Nilipitisha kidole juu ya kioo cha simu, picha ikaruka ikaja nyingine.

Siku ya kumi na saba Babu aliruka. Si mruko wa sifa, ni kama nusu hatua, lakini alimshika nyenje akiwa anakimbia. Nilipiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Taya likawa gumu. Miguu ikarudi. Taa mpya ikafika, na Barafu akanionya kwamba taa ile huzeeka ikiwa bado inawaka, nisidanganyike kwa mwanga wake, nibadilishe kabla ya mwaka. Mkia ulibaki na kona ndogo, kumbukumbu ya ujuzi wangu. Alipojivua ngozi mara ya kwanza baada ya kupona, ilimning'inia mgongoni kama uzi uliolegea, na mkono wa fundi ukiona uzi uliolegea unataka kuvuta. Nilikaa juu ya mikono yangu. Ngozi haivutwi, inaachwa idondoke yenyewe.

Mwezi uliofuata mdogo wangu akapiga simu. Mtoto anatimiza miaka kumi na mitatu, hataki zawadi nyingine, anamtaka mjusi. "Nitakuja kumchukua Jumapili, Dada."

Nilishona gauni siku mbili. Sikujua vipimo vyake vya sasa, nikakisia kutoka kwenye ile picha. Nikapika, nikafagia, nikampa Babu maji ya vuguvugu akaoga. Gari lilipofika nilitoka hadi barabarani. Akashuka mdogo wangu peke yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ana masomo ya ziada. Dada, nina haraka kidogo."

"Kaa."

"Dada, ni—"

"Nimesema kaa. Huyu si mkungu wa ndizi."

Akakaa. Nikamfundisha yote, kuanzia taa, uzi mwekundu, unga mweupe, hadi mchicha na kioo. Nikamfanya arudie. Alirudia vizuri, ana kichwa chepesi tangu utoto; mimi ndiye niliyembeba kwenda kusikiliza kengele. Mwishoni akasema, polepole, "Haya yote umeyajua lini?"

"Nilipoambiwa nisichoke."

Akainamisha macho. Nikamuuliza, "Mabega ya mtoto sasa ni inchi ngapi?"

"Mabega? Sijui, Dada. Anavaa za dukani."

"Ulimwambia nini pale kwenye gari?"

Hakukana, na hilo namhesabia. "Alikuwa anataka kulia. Nilitafuta neno la kumnyamazisha."

"Ukapata la kumuumiza."

"Angelia njia nzima!"

"Angelia, kisha angenyamaza. Watoto ndivyo wanavyofanya. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Sasa ameshatulia. Nikimwambia leo, ataniona mimi mwongo."

"Si ndivyo ilivyo?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kifuniko cha tangi. Nitakuwa mkweli: nilifikiri kukataa. Niseme aje mwenyewe, asipokuja, mjusi habanduki hapa. Ningemwona basi, hata kwa ugomvi. Lakini nikamwona mtoto siku yake ya kuzaliwa, anafungua geti, anatazama mikono ya mama yake, mitupu. Angesema moyoni, kweli alinichoka, na sasa amemchoka na Babu.

Nikalibeba tangi mwenyewe hadi kwenye gari. Chini, badala ya karatasi, nilitandika kitambaa cha sare yake ya zamani, kilichopigwa pasi. Nikaweka gauni pembeni, taa, unga, na uzi mwekundu umechomekwa kwenye kipande cha kitambaa.

"Nitamwambia, Dada," mdogo wangu akasema akiwa ameshika usukani. "Nipe muda."

Ningeweza kumwandikia mtoto barua, herufi ninazo, alinipa mwenyewe. Nilianza, nikachana. Neno hilo likitoka kwangu ni kujitetea, na mama yake ataonekana amesingiziwa. Likitoka kwa mama yake, litakuwa kweli.

Nimetumiwa picha moja tangu siku hiyo. Babu amepanda begani kwa mtoto, mnene, ndevu zimeiva. Mtoto anacheka. Gauni ni langu, na bega limekaa mahali pake, nilikisia sawa. Chini ya picha hakukuandikwa kitu.

Hapa nimebaki na ndoo ya nyenje. Jioni wanalia, nami nawapa karoti, ingawa hakuna wa kuwala. Saa mbili asubuhi bado natoa kigoda uani.

Mtoto simdai kitu. Alinipa miaka kumi na miwili na herufi zote. Babu nilimshikia, nimemrudisha, mzima isipokuwa kona ya mkia. Anayedaiwa ni mdogo wangu, na deni lenyewe ni maneno machache, ayaseme kwa mdomo wake, mtoto akiwa anamtazama: Mama Mkubwa hakukuchoka, mimi ndiye niliyesema hivyo. Muda aliouomba nilimpa. Maneno bado.